Mwiko wa Kuazima

Kila jioni ya siku ya shule, nyumba ile ilikwenda kwa zamu. Baba, ambaye ni seremala, alibaki karakana mpaka mteja wa mwisho aondoke na kiti chake. Mama alikuwa kiwandani akipima sabuni kwenye mizani, na alirudi ananukia kuliko maua. Nukta, kitinda mimba wa miaka saba, alitoka shule akapitia karakana kwa baba, akajaza mifuko ya kaptura yake vipande vya mbao ambavyo mama angevikuta siku ya kufua. Na dada yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyefungua mlango wa nyumba, akafagia, akaosha vyombo vya asubuhi na kumenya vitunguu ili mama akifika apike tu.

Dada huyo alikuwa na jina zuri kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Najua. Ukimwambia kesho mvua itanyesha, atasema najua. Ukimwambia kamba ya kiatu chake imefunguka, atasema najua, kisha aikanyage aanguke. Bibi yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo kwa utani, na utani ukanata.

Asubuhi ya Jumatano hiyo, mama alikuwa amesimama mlangoni akifunga kitambaa kichwani. Alimgeukia binti yake, akasema jambo ambalo Najua alikuwa amelilia tangu likizo.

"Haya, umenishinda. Leo utapika wewe."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Ukiweza, kila Jumatano jiko ni lako. Ukiharibu, tutasubiri mpaka ukue kidogo. Toa nyama kwenye friza sasa hivi iyeyuke, utapika baga."

Baga ya nyumba ile haikuwa na mkate. Daktari alikuwa amemwambia baba apunguze mkate kwa ajili ya sukari, na baba bila baga alikuwa ananuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Basi mama akabuni bakuli. Kila kinachokaa ndani ya baga kilitiwa bakulini: majani ya saladi yaliyokatwakatwa, nyama ya kusaga iliyokaangwa, nyanya, kitunguu, matango ya siki, jibini iliyoparuzwa, na juu yake sosi ya mayonesi na haradali. Nukta aliiita baga iliyovua koti. Kilikuwa chakula chepesi cha siku ya kazi, kikaangio kimoja tu motoni, mengine ni kisu na kibao.

"Kikaangio kipya," mama alisema, "vijiko vya chuma?"

"Mwiko," Najua akajibu.

"Karanga?"

"Mwiko!" akadakia Nukta kutoka chumbani.

"Na mwiko wa nje?"

"Mwiko!" wakaitika wote wawili, wakacheka. Neno hilo lina maana mbili, na katika nyumba ile zote mbili zilikuwa zikigongana kila siku. Mwiko ni kijiko cha mti cha kukorogea chungu. Mwiko pia ni jambo ambalo halifanywi kabisa, hata uombwe vipi.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Nukta alikuwa na mzio wa karanga. Mwaka uliopita rafiki yake alimmegea biskuti shuleni, biskuti yenyewe ilikuwa na karanga, na kabla kengele ya mapumziko haijalia uso wa Nukta ulivimba na pumzi ikaanza kumpaa. Mwalimu alimkimbiza hospitali amembeba mgongoni. Tangu siku hiyo hakuna karanga iliyovuka kizingiti cha nyumba ile. Baba alichonga mwiko wao wenyewe, akautundika kwenye msumari karibu na jiko, akapiga marufuku kuazima mwingine kwa mtu yeyote.

"Mbao hunywa," alikuwa akiwaambia. "Mwiko uliokoroga karanga umezinywa hizo karanga. Nje utauosha, ndani hutauosha."

"Najua, baba," binti yake alijibu kila mara. Na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi hiyo Najua alivaa viatu, akabeba begi, akakimbilia shule akiwa na furaha ya kupika. Nyama akaisahau ndani ya friza.

Aliikumbuka mchana aliporudi, akafungua friza. Paketi ilikuwa imeganda kwenye ukuta wa barafu, ngumu kama tofali. Akaivuta, haikuja. Akaipiga kofi, kofi likamuuma mwenyewe. Akatazama kisu, lakini kisu kwenye barafu huteleza, hilo alilijua kweli kweli. Ndipo macho yake yakatua kwenye msumari.

Akautwaa mwiko, akauingiza nyuma ya paketi, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Paketi ikabanduka ikaanguka sakafuni. Na mwiko ukalia kacha! ukakatika katikati.

Najua alisimama na vipande viwili mikononi. Akaviunganisha, akaviachanisha, akaviunganisha tena, kana kwamba mti huweza kujuta na kujishika upya. Baba alikuwa ameuchonga kwa mkono wake, na kwenye mpini alikuwa amechora nukta moja ndogo kwa ajili ya mwanawe. Sasa nukta ilikuwa kwenye kipande kimoja na kichwa cha mwiko kwenye kingine.

Angeweza kungoja. Karakana haikuwa mbali, angeweza kukimbia akamwambie baba. Lakini kichwani mwake kungoja kulikuwa sawa na kutangaza kwamba ameharibu hata kabla ya kuwasha jiko. Mama alisema ukiharibu tutasubiri. Alivisukuma vile vipande nyuma ya mtungi wa gesi, akaitia paketi kwenye bakuli la maji baridi, akatoka mbio kwenda nyumba ya pili.

Jirani yao alikuwa fundi cherehani, mama mnene mcheshi ambaye watoto wa mtaa mzima walimwita shangazi. Alikuwa ameinamia sare za shule, cherehani ikinguruma na pini zikiwa zimepangwa mdomoni mwake.

"Shangazi, naomba mwiko!"

"Mwiko? Wa kwenu umekwenda wapi?" jirani aliuliza kwa kona ya mdomo, kwa sababu kona nyingine ilikuwa na pini.

"Upo. Nahitaji wa pili. Leo napika peke yangu!"

"Hongera, mwanangu! Ingia jikoni uchukue. Ipo miwili. Ila usije ukachukua ule wa..."

"Najua, shangazi, najua!"

Alikuwa ameshafika jikoni. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na mwiko mmoja, mkavu, umeoshwa vizuri. Mwingine hakuuona wala hakuutafuta. Akautwaa huo huo akatoka, na jirani akatikisa kichwa, akarudi kwenye pindo la sare. Laiti angemaliza sentensi yake. Laiti mtoto angempa nafasi ya kutema pini.

Nyama ilipoyeyuka, mambo yakaanza kwenda vizuri mno. Alinawa mikono, akawasha jiko, akatia mafuta kidogo, akatia kitunguu na kitunguu saumu, kisha nyama. Nyama ikalia chwaa! Akaivunjavunja kwa mwiko, akaigeuza, akatia chumvi na pilipili manga. Kikaangio kipya hakikupata hata mkwaruzo. Pembeni, kwenye kibao, alikata saladi na nyanya, akaparuza jibini bila kujiparuza vidole. Alikoroga mayonesi, sosi ya nyanya, haradali na tone la siki, akaonja kwa ncha ya kidole, akajipongeza kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumpongeza.

Akazima moto, au alidhani amezima. Nje kukasikika gari la mizigo la baba likikohoa, milango ikabamizwa, na Nukta akaingia ndani akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Baga imevua koti?"

"Imevua. Kanawe."

"Hodi jikoni kwa mpishi mkuu," baba akasema mlangoni. Akainua uso akavuta hewa. "Ah, pua yangu imejaa gundi leo, sisikii kitu. Lakini macho yanaona mambo makubwa! Mama yako amepiga simu, atachelewa kidogo. Amesema tule, tumwachie yake."

Najua alicheka kwa fahari, akainama juu ya kikaangio aanze kupakua. Mvuke ukamjia usoni. Na ndani ya mvuke ule, chini ya harufu ya nyama na kitunguu, palikuwa na harufu nyingine. Ilikuwa tamu tamu, ya kitu kilichokaangwa. Alikuwa hajaisikia nyumbani kwao mwaka mzima, ndiyo maana aliitambua mara moja.

Akautazama mwiko mkononi. Kichwani ulikuwa na ufa mwembamba, ambao ulipokuwa mkavu hakuuona. Sasa joto lilikuwa limeufungua, na ndani yake kulikuwa na uji mzito wa kahawia. Mwingine ulikuwa umeshatoka, umeingia kwenye nyama. Akaugusa kwa ukucha, akaunusa.

Karanga.

Nyuma yake baba alikuwa akivuta viti, na Nukta ameshakaa, anagonga meza kwa uma na kuimba kwamba ana njaa.

Hapo ndipo Najua alipopaswa kugeuka na kusema neno moja. Alilijua neno lenyewe, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini neno hilo lilikuwa na mkia mrefu. Akisema karanga ataulizwa zimetoka wapi. Akisema zimetoka kwenye mwiko ataulizwa mwiko wao uko wapi. Na mwiko wao ulikuwa nyuma ya mtungi wa gesi, vipande viwili. Watu wengi hunyamaza kwa kuogopa mkia wa neno kuliko neno lenyewe, na wengi wao ni watu wazima, sembuse mtoto.

Labda moto umeziua, alijiambia. Moto huua vijidudu. Lakini karanga si kidudu, na alijua. Basi akapata akili nyingine, akaiona nzuri: Nukta apewe bakuli lisilo na nyama. Saladi, nyanya na jibini havikuguswa na ule mwiko. Atakula salama, hakuna atakayejua, na nyama iliyobaki ataimwaga baadaye. Akapakua haraka: bakuli la baba lenye nyama, lake lenye nyama, na la Nukta lenye majani mengi na jibini nyingi juu ili kuficha pengo.

Nukta alichokoa kwa uma, akafukua hadi chini.

"Mbona yangu haina nyama?"

"Ni... nyama ina pilipili nyingi sana," dada yake akasema. "Itakuwasha."

"Pilipili napenda!"

"Kula hiyo hiyo. Nimekutilia jibini nyingi."

"Mimi si sungura!" Macho ya Nukta yakaanza kujaa maji. "Baba, ananipa majani!"

Najua aliona baba akitabasamu. Aliona mkono wake mkubwa ukichukua kijiko. Baba hakuwahi kuona mtoto anataka kitu ambacho yeye anacho akabaki ameketi nacho.

"Usilie, bwana mkubwa. Chukua ya baba. Daktari mwenyewe ananiambia nipunguze chakula."

"Baba, usi..." Najua akaanza. Alinyoosha mkono, akachelewa.

Kijiko kizima cha nyama kikatua kwenye bakuli la Nukta. Nukta akapanguza machozi kwa bega, akachoma nyama kwa uma, akainua.

"Usile!" Najua akapiga kelele ambayo hakujua anayo. "Tema! Kuna karanga! Kuna karanga humo!"

Akaruka, akapiga bakuli likaenda kugonga ukuta na kuvunjika. Lakini uma ulikuwa umeshafika mdomoni. Nukta alibaki amefumba mdomo, mashavu yamejaa, macho yamemtoka.

"Tema!" baba akanguruma.

Akatema mezani, yote. Baba akamnyanyua mzima mzima mpaka kwenye sinki, akamsukutua mara kwa mara, akamfuta ulimi kwa kitambaa.

"Umemeza?"

"Sijui," Nukta akasema. "Kidogo."

Baba alimkalisha, akamshika kidevu, akamtazama usoni bila kupepesa. Najua alisimama amejibana ukutani, miguu juu ya vipande vya bakuli, naye akimtazama. Akaomba kimoyomoyo kitu chochote kisitokee. Nukta akaanza kujikuna mdomo. Mdomo wa juu ukawa mzito, ukanenepa mbele ya macho yao. Madoa mekundu yakapanda shingoni. Halafu akakohoa. Akakohoa tena, na mara ya tatu kikohozi kikawa na mluzi ndani yake.

"Kopo la dawa!" baba akasema.

Najua aliruka hadi juu ya friji, akatwaa kopo, akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na sindano ya dharura, ile nene inayofanana na kalamu, ambayo hospitali iliwapa na kuwafundisha. Baba akaitoa kifuniko, akaikandamiza kwenye paja la Nukta juu ya kaptura, akaishikilia. Nukta akalia kwa nguvu. Kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote, kwa maana anayelia kwa nguvu anapumua.

Jirani alikuwa ameshaingia, futi ya kupimia ingali shingoni. Alikuwa amesikia kelele. Akatazama meza, akatazama kikaangio, akauona mwiko.

"Masalale! Si huu ndio niliosema usichukue? Huu ndio nakorogea siagi ya karanga! Nilisema chukua ule wa droo!"

"Hukusema," Najua akajibu, na machozi yakamshinda. "Nilikukatiza. Nilikukatiza, shangazi."

Baba hakusikia, au alisikia akaliacha. Alikuwa ameshambeba Nukta na kutoka. Najua akamfuata bila viatu. Ndani ya gari alimshika mdogo wake mkono, baba akaendesha taa zikiwaka na honi ikilia, na nyuma kwao miguu ya kitanda ambacho hakijamalizika ikagongana kila penye shimo. Hakuna aliyezungumza isipokuwa baba, na baba alirudia jambo moja tu: "Vuta pumzi, mwanangu. Taratibu. Nyingine."

Hospitalini walimpokea mbio. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimpima pumzi huku akiuliza.

"Amekula nini?"

"Karanga," baba akasema. "Lakini sijui zimeingiaje. Hatuna karanga nyumbani."

Daktari akainua macho. "Zilikuwa nyingi? Za namna gani? Ni vizuri nijue."

Baba akafungua mikono mitupu. Najua alikuwa nyuma yake, akisimama kwa mguu mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa umekatwa na kipande cha bakuli. Mkia wa lile neno ulikuwa bado mrefu vile vile. Akaushika ncha akauvuta wote.

"Nilivunja mwiko wetu," alisema. "Niliutumia kubandua nyama iliyoganda, kwa sababu asubuhi nilisahau kuitoa. Nikavificha vipande. Nikaazima mwiko wa jirani, nao ulikuwa na siagi ya karanga ndani ya ufa. Ilichanganyika na nyama. Yeye amekula uma mmoja, ametema, lakini kidogo amemeza. Na mimi nilijua kabla hajala. Nilijua, nikanyamaza."

Sentensi ya mwisho hakuna aliyemwomba aiseme. Baba aligeuka akamtazama, na Najua akatamani sakafu ifunguke. Daktari hakumgombeza. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Asante. Umenieleza vizuri. Sindano imefika kwa wakati, na anapumua vyema. Lakini atalala hapa tumwangalie, maana shida hii huweza kurudi baada ya muda. Sasa hebu na wewe nione huo mguu."

Mama, aliyepigiwa simu na baba, alifika akitokea kiwandani moja kwa moja, ananukia sabuni, pumzi zikienda mbio. Alimkumbatia Nukta, akamgusa mdomo uliovimba, akamgusa kifua, akamgusa tena. Nukta alisema kwa ulimi mzito kwamba sindano iliuma lakini hakulia sana, na huo ulikuwa uongo mtupu ambao wote walimwachia. Kisha mama akageuka kumtafuta binti yake. Alimkuta kwenye benchi la korido, mguu umefungwa bendeji, uso umeuficha magotini.

Baba aliketi upande mmoja, mama upande wa pili. Baba alieleza kila kitu, polepole, bila kuongeza chumvi. Najua alisubiri kugombezwa. Aliona ni haki yake, tena alitamani kuje upesi kuishe.

"Mwiko," baba akasema mwishoni, "nitachonga mwingine. Mimi ni seremala, mbao zangu huvunjika kila siku. Nikianza kulia kwa sababu ya mti nitalia mpaka lini?"

"Lakini ulikuwa umeuchora, baba."

"Nitachora tena. Binti yangu, hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba nilichukua nyama kwa mkono wangu nikampa. Ulikuwa unanitazama."

Najua akalia hapo, kilio cha kweli, cha kutoa kamasi. Baba naye macho yake hayakuwa makavu. Aliweka mkono wake mzito juu ya kichwa cha binti yake na hakuuondoa.

Mama alimwacha alie. Alipotulia kidogo, akamfuta uso kwa kile kitambaa chake cha kichwani.

"Sikiliza, mwanangu. Unataka kujua kosa lilikuwa wapi? Kusahau nyama si kosa kubwa, mimi mwenyewe nimesahau mara ngapi. Kuvunja mwiko si kosa. Hata kukosea mwiko wa jirani ni bahati mbaya ya mtu asiyesikiliza, na hilo tutalirekebisha. Lakini kila mara ulipokosea, ulikuwa na nafasi ya kusema, na kusema kungekuwa rahisi. Ulipouvunja, ungesema, tungecheka. Ulipoisikia harufu, ungesema, tungekula mayai. Ulivyongoja ndivyo bei ilivyopanda, mpaka ikafika kwenye pumzi ya ndugu yako."

"Niliogopa mtaninyima jiko."

"Na mimi nina sehemu yangu hapo. Nilikuambia ukiharibu tutasubiri. Nilikosea kusema hivyo, kana kwamba mpishi ni mtu asiyeharibu." Mama akashusha pumzi. "Nakuambia upya. Habari mbaya ikinifikia mapema, kwangu ni habari nzuri. Nitapiga kelele, ndiyo, mimi ni mama, kelele ni zangu. Lakini nitakushukuru. Na leo, ingawa umechelewa, mwishowe ulisema. Ungenyamaza mpaka ameze ule uma wa kwanza na wa pili na wa tatu, sijui tungekuwa tunaongea maneno gani kwenye benchi hili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Jumatano ijayo utapika. Mimi nitakaa pembeni, na ukinikatiza ninaposema, nakutoa jikoni."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Ndani ya wodi Nukta alikuwa amelala, na pumzi zake zilikwenda sawa, zinaingia na kutoka.

Ghafla Najua akakaa wima.

"Mama."

"Nini tena?"

Angeweza kunyamaza. Pengine hakuna kilichotokea, pengine alikumbuka vibaya, na usiku ule ulikuwa umeshawatosha wote.

"Sina hakika kama nilizima jiko."

Mama aliruka kutoka kwenye benchi. "Ati nini? Gesi? Na nyumba haina mtu?" Simu ilikuwa sikioni kabla hajamaliza, na kelele alizoahidi zikasikika mpaka dirisha la dawa. Baba alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi. Najua alisimama nao, wala hakuangalia chini.

Jirani akapokea. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wote watatu walimsikia. Jiko alilikuta linawaka moto mdogo mdogo, akalizima palepale, akafunga na mtungi. Nyama ameimwaga, sakafu ameipiga deki kwa sabuni, na kila kilichoguswa ameshaanza kukichemsha. Mtoto anaendeleaje?

Mama alimjibu, akashukuru, akakata simu. Akaketi chini polepole kama mtu anayeketi juu ya mayai. Akamvuta binti yake, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Najua akashindwa kupumua vizuri.

"Ndiyo hivyo," akamwambia sikioni. "Asante, mwanangu. Hivyo hivyo, kila siku."